Nilifanywa jaji wa Malkia wa Mwalo wakati mama mkwe wangu ni mshiriki, na jina lake siruhusiwi kulitaja

Wakuu, salamu kwenu nyote, mliopo ofisini mnaojifanya mna kazi na mliopo nyumbani mnaojifanya mnapumzika.

Haya ninayoyaandika yamenitokea mimi mwenyewe, mbele ya macho yangu na, kwa bahati mbaya, kwa mdomo wangu mwenyewe. Wa kusema hii ni chai aseme, ila anywe taratibu maana bado ni ya moto.

Mke wangu hataki tena nilizungumzie jambo hili nyumbani. Fundi mwenzangu kibandani akiniona nafungua mdomo anawasha grinda. Kwa hiyo limewafikia nyie.

Iko hivi.

Mimi ni fundi friji, kibanda changu kipo Nyamagana mjini. Kwa asili ni Msukuma wa Maswa, huko kwa ng'ombe na pamba, ziwa nimeliona nikiwa na ndevu. Nikaoa binti wa mwaloni, upande wa Igogo. Kwa wasiojua, mwalo ni pale mitumbwi inaposhushia samaki. Ukoo wa mke wangu wote unaishi kwa dagaa, wanaume wanavua, wanawake wanaanika na kuuza.

Mke wangu anaitwa Leah. Mama yake mwalo mzima unamwita Mama Leah. Mimi hapa nitamwita mama mkwe na basi, sababu mtaiona.

Kabla sijaenda mbali, ngoja niwaeleze kitu kimoja, msipokielewa hiki uzi wote utawapita.

Kwetu Wasukuma, hasa familia za kizamani kama hii niliyooa, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hamkai mkeka mmoja, hamli sahani moja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anapisha. Na jina lake la kuzaliwa hulitaji. Hata kama dada yako ana jina hilohilo, dada yako utamtafutia jina jingine. Kulitaja mbele za watu ni sawa na kumvua kitenge sokoni.

Najua vijana wa siku hizi mnapiga selfie na mama wakwe zenu. Hongereni. Mimi tangu nioe, mama mkwe hajawahi kuniambia neno uso kwa uso. Akiwa na ujumbe wangu anageuka, ananipa mgongo, anauambia ukuta. Au ndoo. Au jogoo. Mimi nipo nyuma yake nasikia. Nikijibu, na mimi naujibu ukuta. Na niwaambie ukweli, tunaelewana kuliko watu wengi wanaotazamana.

Turudi kwenye mada.

Pale mwaloni kuna sikukuu kila mwaka. Wanaifanya mwezi ukiwa mkubwa, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka kazi hakuna, mitumbwi inavutwa nchi kavu inapumzika. Mchana kutwa watu wanakula, ngoma zinapigwa, vijana wanashindana kupiga makasia. Kilele chake ni kumpata Malkia wa Mwalo.

Msifikirie mambo ya viatu virefu na kusema utaleta amani duniani. Malkia wa Mwalo ni shindano la wanawake wa kazi. Umri wowote, umbo lolote, ilimradi unaanika dagaa pale. Unajaza beseni dagaa wabichi kule majini, unajitwika, unapanda jiwe kubwa la pale ufukweni pekupeku bila mkono kugusa beseni. Ukifika juu unawaanika kwa kuwarusha, wakae mmojammoja wasirundikane. Halafu jaji anakuuliza swali moja. Imeisha.

Zawadi ni jiwe lenyewe.

Najua kuna mtu ameshacheka. Mwanza mawe yapo mpaka chumbani kwa watu, nani ashindanie jiwe? Mkuu, tulia. Jiwe bapa, pana, linalopigwa jua tangu asubuhi, lenye mteremko wa kuchuja maji, pale mwaloni lipo moja tu. Malkia analitumia peke yake mpaka sikukuu ijayo. Dagaa wa jiweni wanakauka kwa jua moja, wanang'aa, na wanunuzi wa mbali wakishuka kwenye gari wanawaendea wao kwanza. Wengine wote wanaanika kwenye neti juu ya mchanga. Dagaa wa mchangani unamjua ukimtafuna. Mvua ikija ndiyo kabisa, anaishia kuwa chakula cha kuku.

Mama mkwe anaanika mchangani. Baba mkwe alipokuwa hai walikuwa wanasaidiana kukusanya wingu likitokea. Sasa yupo peke yake na mgongo unamsumbua. Msimu uliopita mvua ilimharibia mzigo mara nyingi mpaka tukaona aibu kumuuliza.

Mwaka huu akajiandikisha kwenye Malkia, kwa mara ya kwanza maishani. Akamwambia Leah, "Nikikosa jiwe naacha dagaa. Narudi kijijini kwa kaka yangu, nikalime."

Kulima, na mgongo ule. Leah alilia siku hiyo mpaka ugali ukaungua.

Basi bwana. Siku chache baada ya watu kujiandikisha, nipo kibandani nimelala chali chini ya friji la mtu, naona viatu vya ngozi vimesimama mbele yangu. Natoka, ni Mwenyekiti wa kamati ya sikukuu. Mzee mmoja mwenye mitumbwi yake, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kufungua vikao. Jina lake silitaji kwa sababu nyingine kabisa, huyu anaweza kunipeleka mahakamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mkwe wetu. Kamati imekaa. Imekuchagua wewe uwe jaji."

Hapa niwafahamishe. Jaji wa Malkia ni mmoja tu, na kwa utaratibu wao lazima awe mwanaume aliyeoa pale mwaloni, mtu wa kuja. Wanasema mkwe hana damu ya pale, kwa hiyo hana upande.

Wakuu, mkwe hana upande? Mkwe ana pande zote. Mkwe ana mke, ana shemeji, ana baba mdogo wa mke ambaye bado anadai hakula vizuri siku ya harusi. Ukitafuta mtu asiye na upande katafute mtalii.

Nikamwambia, "Mzee, mama mkwe wangu ni mshiriki."

"Tunajua. Ndiyo uzuri wake. Tutajua kweli huna upendeleo."

Akanipa mkono, akaondoka. Na mimi mjinga nikabaki najiona mtu mkubwa. Nikarudi nyumbani natembea kifua mbele kwenda kumpa mke wangu habari njema.

Leah alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Baba Eliza, jaji mwisho anafanya nini?"

"Anamtangaza mshindi."

"Anamtangazaje?"

Hapo ndipo nikakumbuka utaratibu.

Jaji anasimama juu ya jiwe, anaelekea ziwani, analiita jina la kuzaliwa la mshindi mara tatu. Sio Mama Fulani. Mama Fulani wapo wengi. Jina lake yeye mwenyewe, kwa sauti, ziwa lisikie na watu wajue jiwe ni la nani. Bila hivyo umalkia haujakamilika.

"Kwa hiyo mama akishinda..." nikasema.

"Akishinda hutamtangaza. Na asipotangazwa hajashinda, linakwenda kwa wa pili." Leah akaweka ungo chini. "Mwaka jana jaji alikuwa nani?"

"Yule muuza viatu."

"Mama mkwe wake ni nani?"

Nikamkumbuka. Mama mmoja mrefu, anapanda lile jiwe kama anapanda ngazi za kwake. Mwaka jana alijitoa dakika za mwisho, wakasema goti.

"Goti lile lilikuwa zima," Leah akasema. "Jirani yetu hapa, mwaka wa nyuma yake, alijitoa kwa sababu gani? Na jaji alikuwa nani?"

Jaji alikuwa mkwe wake.

Wakuu, mnaona mchezo? Miaka yote hiyo Malkia ni mtu mmoja, Mama Koku, na Mama Koku ni mke wa Mwenyekiti. Kamati inasubiri wanawake wajiandikishe, inaangalia nani ni tishio, kisha inamteua mkwe wake kuwa jaji. Yule mama, kwa heshima ya mkwe wake, anajitoa mwenyewe kimyakimya. Hakuna aliyeibiwa, hakuna wa kulalamika, mila imefuatwa. Mimi nilijiona nimeteuliwa kwa busara zangu, kumbe nimewekwa kama jiwe chini ya tairi.

Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi wa mchana, na mimi kwa usingizi wa mchana ni mtu wa kuaminika.

Sasa nyumbani hali ikawaje. Leah ananiambia, "Ukimtaja mama jina mbele za watu, usikanyage kwetu." Sawa. Kabla sijameza mate anaongeza, "Na akishinda ukashindwa kumtangaza, usikanyage hapa." Nikamuuliza, sasa mimi nikanyage wapi? Akasema nitajua mwenyewe, mimi ndiye jaji.

Nikaenda kwa Mwenyekiti kujitoa. Nikamkuta kwenye kivuli cha mtumbwi wake anasimamia vijana wanaopiga rangi. Nikamwomba jaji awe mwingine. Akasema mkwe kukataa kazi ya ukweni ni dharau, na mwalo hautasahau. Nikaomba basi MC alitaje jina kwa niaba yangu. Akasema jaji ndiye mdomo. Nikaomba nimshike mshindi mkono tu, watu si wataona? Akacheka. "Mkwe wetu, mbona una wasiwasi? Mama mkwe wako mwenyewe ni mtu wa heshima. Anajua la kufanya."

Alikuwa na uhakika kabisa kwamba atajitoa.

Kesho yake mama mkwe akaja kwetu. Mimi nipo mlangoni. Akanipa mgongo kama kawaida yake, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko la nje. Jogoo wetu alikuwa anapita.

"Wewe jogoo," akasema, "mwambie mwenye nyumba hii asiende tena kwa Mwenyekiti kuombaomba. Mimi sijitoi."

Nikamwambia jogoo, "Jogoo, muulize mama, sasa akishinda itakuwaje?"

"Jogoo, mwambie yeye afanye kazi ya jaji. Atazame vizuri. Nikianguka aseme nimeanguka. Ya mbele tutayaona mbele."

Akanywa uji wake, akaenda zake. Jogoo akabaki ananitazama. Niliwaza, huyu mama ana mpango? Leah akasema hana mpango wowote, amechoka tu. Mtu akishachoka sana, akasema Leah, anakuwa kama ana mpango.

Siku ya sikukuu ikafika.

Kamati nayo haikosi vituko. Mwaka huu wakaamua kuleta hadhi, wakatandika zulia jekundu kwenye jiwe, kuanzia majini mpaka juu. Zulia, jamani, juu ya jiwe la ziwani lenye utelezi, litapitiwa na watu wanaochuruzika maji. Nikauliza kama wamelipigilia. Wakaniambia huwezi kupigilia msumari kwenye jiwe. Nikasema ndiyo maana nauliza. Nikaambiwa jaji akae kwenye kiti chake.

Kiti chenyewe kilipambwa maua ya plastiki na utepe, nikakaa nimevaa suti ya harusi yangu iliyonibana tumboni. Maiki inapiga kelele. Makorongo wamejipanga pembeni wanangoja utumbo wa samaki, nao wamevaa rasmi kuliko mimi.

Wanawake wakaanza kupanda mmoja mmoja. Wa mwanzo mwanzo sitawachosha nao. Mmoja alimwaga nusu beseni. Mwingine alifika vizuri ila alirundika dagaa kama anamwaga takataka.

Akaja Mama Koku. Nimpe haki yake, ni mwanamke anayejua kazi. Hajawa Malkia miaka yote kwa sababu ya mume tu. Amevaa gauni la kitenge lenye marinda, shingo imenyooka, beseni limetulia, watu wanapiga vigelegele. Katikati ya mteremko zulia likateleza kidogo chini ya mguu wake. Kidogo tu. Mkono wa kulia ukapanda, ukashika beseni, ukashuka.

Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini mwalo mzima uliona. Mwenyekiti akaanza kukohoa kwenye maiki.

Mkono ukigusa beseni huwezi tena kuwa wa kwanza, hiyo ndiyo kanuni kuu ya shindano, hata mtoto wa chekechea wa pale anaijua.

Wa mwisho, mama mkwe.

Hapa sasa ndipo nilipopata shida ambayo sikuwa nimeifikiria. Mkwe anatakiwa kutazama chini. Jaji anatakiwa kutazama juu. Nikatazama viatu vyangu, nikakumbuka jogoo, "atazame vizuri". Nikainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, nikamtazama mama mkwe wangu.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Miaka yote nilikuwa naujua mgongo wake na sauti yake. Alikuwa amevaa kitenge cha kazini, hakuwa amejiremba, kichwani kata ya kanga. Akajitwika beseni, maji yakawa yanamchuruzika shingoni. Akalifikia zulia, akalitazama, akalikanyaga pembeni kwa kidole kama mtu anayepima maji ya kuoga. Kisha akatoka nje ya zulia, akapanda kwenye jiwe tupu.

Hakuharakisha. Mgongo ule ninaoujua unamuuma alikuwa ameunyoosha, na kila hatua niliiona usoni kwake ilivyomgharimu. Mikono ilikuwa imening'inia tu kama haina kazi. Akafika juu, akashusha beseni, akaanza kurusha. Dagaa walisambaa kwenye jiwe mmojammoja, hakuna aliyemlalia mwenzake. Wanawake wa mchangani wakasimama wote.

Ikabaki swali. Mimi ndiye wa kuuliza, na mimi siwezi kumuuliza. Nikakiuliza kiti kilichokuwa pembeni yangu. "Kiti, muulize mshiriki, akipewa jiwe hili atalifanyia nini?"

Watu wakacheka, ila kwa wema.

Akageuka, akanipa mgongo, akaliambia beseni, "Mwambie jaji, wingu likitokea, wa mchangani wote walete dagaa wao jiweni tuwafunike kwa turubai moja. Kukimbizana na mvua peke yako kunachosha."

Kelele zilizopigwa pale zilisikika mpaka ng'ambo, nadhani.

Wakuu, hapakuwa na cha kujadili. Hata mtu aliyelala angejua nani ameshinda. Nikaitwa juu ya jiwe kutangaza. Nikasimama, ziwa mbele yangu, watu nyuma yangu, suti inanibana, maiki mkononi inateleza kwa jasho.

Nikajaribu njia ya kwanza. "Mshindi ni Mama Leah."

Mwenyekiti akachukua maiki ya MC. "Mkwe wetu, Mama Leah hapa mwaloni wapo wengi. Utaratibu ni jina."

Nikajaribu ya pili. "Mshindi ni mama mzazi wa mke wangu."

"Jina," akasema. Na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, hilo ndilo lililoniudhi kupita yote. "Jaji akishindwa kulitaja, si kosa lake, ni mila. Tutakwenda kwa wa pili kama wazee walivyotuachia."

Nikamtafuta Leah kwenye watu. Nikamwona ameweka mikono kichwani, hanikatazi wala haniruhusu. Nikafikiria mchanga. Nikafikiria mvua. Nikafikiria mama yule na jembe. Halafu nikafikiria kulitamka jina lile, na ulimi wangu ukawa mzito, sitanii, kama umeanikwa nao. Nimelelewa hivyo. Mtu akiniambia ni jina tu, mkuu, hata nguo ni nguo tu.

Nilikasirika pale juu, nikamkasirikia Mwenyekiti, nikaikasirikia kamati, nikawakasirikia hata hao wazee walioacha utaratibu bila kufikiria. Nilikuwa karibu kuitupa maiki ziwani.

Ndipo nikasikia sauti yake nyuma yangu. Alikuwa amenipa mgongo, kama kawaida, ameliinamia lile beseni tupu.

"Wewe beseni," akasema, bila maiki, na watu wote wakanyamaza. "Mwambie mkwe wangu kwamba mimi ndiye ninayemtuma. Mtu akitumwa na mkubwa wake hajamkosea. Mwambie nimezaliwa nikaitwa hivi."

Akalitaja jina lake.

"Aliite mara tatu kama inavyotakiwa. Asizidishe."

Mwenyekiti akasema hilo halimo kwenye utaratibu. Kutoka katikati ya watu sauti ya mwanaume ikauliza, "Limekatazwa wapi?" Nikageuka, ni yule muuza viatu wa mwaka jana. Pembeni yake, kwa umbali wa heshima, mama mkwe wake mwenye goti akapiga kigelegele kirefu. Wakamfuata wengine, mpaka Mwenyekiti akawa anasogeza mdomo tu, maiki haisaidii.

Nikaelekea ziwani. Nikaliita.

Mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri. Ya pili ikatoka. Ya tatu nililiita kwa nguvu zote, na sijui kwa nini machozi yalinitoka. Watu wakadhani ni upepo, na mimi nikasema ni upepo.

Jina lenyewe siliandiki. Nawajua, mtaniuliza PM. Acheni. Aliniruhusu mara tatu, haikuwa mara nne.

Mnadhani yaliishia hapo? Thubutu.

Kwanza, Leah. Nafika nyumbani nategemea kupokewa kama shujaa. Ananiambia, "Umefanya vizuri. Lakini ile ya tatu ulipaza sana." Nikamuuliza, ziwa lile nililiite kwa kunong'ona? Akarudi kwenye mchele wake.

Pili, Mwenyekiti. Siku ya pili yake akaitisha kikao, akasema umalkia hawezi kuupinga, ila mkwe aliyetaja jina la mama mkwe, hata kama ametumwa, lazima apeleke mbuzi kusafisha mdomo. Na wazee wengine, hao hao waliokuwa wanapiga makofi, wakatikisa vichwa kwamba ni kweli. Yaani mimi niliyewekewa mtego, nikautoka, nikafanya haki mchana kweupe, ndiye niliyeondoka na faini. Mama Koku hajatozwa hata kuku. Mwenyekiti hajatozwa kitu. Zulia limerudi kwa mwenye nalo.

Nilisema sipeleki. Leah akasema nitapeleka. Nikapeleka.

Nikavuka hadi Busisi kutafuta mbuzi jike asiye na doa, maana walisema lazima asiwe na doa, kana kwamba mdomo wangu nao ulikuwa hauna doa kabla. Nikamleta kwenye bodaboda analia njia nzima, dereva naye akinilalamikia njia nzima. Nikafika kwa mama mkwe nimechoka na nimekasirika. Nilishapanga maneno yangu yote, nilitaka niuambie ule ukuta wake kwamba mimi ukwe wa mwalo huu basi.

Alikuwa amekaa nje, mgongo kwangu, anachagua dagaa. Dagaa wa jiweni, wanang'aa. Nikamfunga mbuzi kwenye nguzo, nikasogea pembeni.

Kisha akasema:

"Wewe mbuzi, mwambie aliyekuleta nimepokea. Mdomo wake ni safi, ulikuwa safi tangu juzi."

Nikaanza kutafuta pa kuanzia na hasira zangu. Akaendelea kuchagua dagaa.

"Na mwambie hivi. Kaka yangu kule kijijini ananiita dada. Hapa mimi ni Mama Leah, kwa wajukuu ni bibi, kanisani ni mama mjane. Tangu baba yao afariki hakuna aliyekuwa ameniita kwa jina langu. Lile la tatu, mbuzi, nilisikia kama mtu ananiita nirudi nyumbani. Nilikuwa nimeanza kulisahau."

Wakuu, ile hotuba yangu yote ya kwenye bodaboda sijui ilikwenda wapi. Nikamwambia mbuzi, "Mwambie mama nimesikia." Nikaondoka.

Leo wingu likitokea pale mwaloni, wanawake wanakimbilia jiweni wote na turubai moja. Nimeona kwa macho yangu. Kamati inasema itabadilisha utaratibu wa jaji, na mimi nawajua, watatafuta utaratibu mbaya zaidi.

Nilichojifunza ni kwamba ukiona watu wanakusifia kuwa wewe huna upande, ukae chini ujiulize hao wanaokusifia wapo upande gani. Nilichukua muda mrefu kukiona, nyie msichukue.

Wenye visa vya ukweni wamwage hapa, na wanaojua dawa ya kamati kama hizi watusaidie. Wale wa "mila zimepitwa na wakati", karibuni pia, ila mje na mbuzi wenu.

Na kama mama mkwe wako au mama yako mzazi ni mjane, muulize mkeo au mdogo wako jina lake la kuzaliwa ni lipi na mara ya mwisho nani alimwita nalo. Usiniandikie hapa. Wewe lijue tu.